Mwambie Ng'ombe Wapo

Mwanamke aliyenipangisha chumba Karatu alikuwa na matrekta mawili, mashamba ya ngano upande wa Mbulumbulu, na ng'ombe ambao hakuna mtu aliyewahi kuambiwa idadi yao. Mwanamke huyohuyo alikuwa akipasua njiti moja ya kiberiti kwa wembe ili apate mbili. Nilikaa kwake karibu miaka mitatu. Leo mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye wakati ule, na bado kuna siku namkumbuka, nikitamani nimkute amekaa kwenye benchi lake la ukutani, miguu peku, nimweleze jambo moja.

Nilifika Karatu mwaka uliofuata vita ya Uganda, nikiwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi. Wazazi wangu ni watu wa Singida. Walikuja Oldeani kuvuna kahawa wakiwa vijana, wakanizaa mimi huko kwenye kambi ya vibarua, kisha wakarudi kwao. Kwa hiyo nilipopangiwa Karatu, nilikuwa naijua baridi yake na udongo wake mwekundu, lakini sikuwa na mtu. Mwalimu mkuu alinipeleka kwa mjane mmoja wa Kiiraqw, akaniambia nyumba yake ni kubwa na ina utulivu. Ilikuwa kweli. Ilikuwa na vyumba sita chini ya bati, na ndani yake aliishi mtu mmoja.

Siku zile kila mtu alibana matumizi. Sabuni ilipangiwa foleni, sukari iligawiwa kidogokidogo, na mafuta ya taa yalikuja mjini kama mgeni wa heshima, yakaondoka vilevile. Lakini sisi tulibana kwa kukosa. Mama mwenye nyumba, kama nilivyomwita, alibana akiwa nacho, na alikuwa amebana hivyo tangu kabla vitu havijaadimika. Majani ya chai aliyaanika kwenye ungo, kesho yake yakachemshwa tena, na siku ya tatu tulikunywa kitu chenye rangi ya maji ya kusuuzia vikombe. Asubuhi hakuwasha kiberiti kabisa. Alivuka barabara na kigae mkononi, akaomba kaa la moto kwa jirani, mama mmoja wa Kondoa ambaye mume wake alikuwa na duka. Yule mama alishazoea. Kaa alikuwa akilitenga mapema.

Kitenge chake alikivaa ndani nje siku za kazi, ili rangi ya upande wa juu ingojee Jumapili. Kanisani alikwenda na viatu mkononi, akavivaa mlangoni, akavivua tena mlangoni. Mbwa hakufuga, kwa kuwa mbwa anakula. Akisikia vishindo uani alikohoa yeye mwenyewe, kwa sauti nzito ya kiume. Mgeni alianza kusalimiwa akiwa bado barabarani, na salamu ya pili ilikuwa kuulizwa kama ameshakula, kwa namna ambayo mtu mwenye haya asingeweza kusema hajala. Barua zilizomjia alizibandua bahasha taratibu, akazigeuza na kuzigundisha upya kwa uji wa unga, tayari kwa kujibu. Kwa sababu hakujua kuandika, majibu niliyaandika mimi, na alisimama nyuma ya bega langu kuhakikisha kwamba mistari inafika hadi ukingoni mwa karatasi.

Mambo haya niliyapeleka shuleni, nikawachekesha walimu wenzangu wakati wa chai. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Niliona kwamba nimepata kisa kizuri cha kusimulia, basi.

Mchumba wangu alikuwa bwana mifugo huko Kakesio, mbali ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, kupita Endulen. Tulikubaliana kuoana akipata uhamisho kwenda mahali penye shule, ili nami nipate kazi. Barua zake zilikuja na gari lililopeleka dawa ya josho, na mvua zikinyesha gari halikwenda, ikapita miezi miwili sina neno lake. Nilikuwa nikitoka darasani nasimama kwenye kona ya shule nikiangalia upande wa Ngorongoro, pale msitu unapopanda kwenda ukingo wa kreta. Mara nyingi kulikuwa na ukungu, hakuna cha kuona. Magari ya watalii yalipita yakipanda kwenda hukohuko, siku hizo machache sana, nami niliwaonea wivu wale watu wenye kofia, ambao kwa siku moja wangefika karibu naye kuliko mimi kwa mwaka mzima, na wala hawakuwa na haja naye.

Barua moja ilifika ikisema kwamba ametuma kadi za salamu kwenye redio, kile kipindi cha Jumapili mchana, na kwamba nisikilize kila Jumapili kwa sababu hajui zitasomwa lini. Aliandika kuwa huko kwake redio inakamata vizuri ukiwa juu ya kilima, na kwamba atakuwa anasikiliza saa ileile. Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Nilijiona nimekaa naye mahali pamoja, kila mmoja na kilima chake.

Tatizo ni kwamba sikuwa na redio. Mama mwenye nyumba alikuwa nayo, imefungwa kwa khanga kabatini, na betri zake, au mawe kama tulivyoyaita, zikiwa zimetolewa na kupangwa dirishani zipate jua, maana aliamini kuwa jua linazirudishia nguvu. Nilikuwa najua kwamba anaisikiliza kidogo kila siku wakati mimi nipo shuleni, ila sikujua anasikiliza nini. Nilipomwomba siku za Jumapili, alinijibu kuwa salamu si habari. Mtu akitaka kukusalimu atakuja. Nikamweleza kuhusu Kakesio na gari la dawa. Akafikiri, kisha akasema nilete mawe yangu mwenyewe, redio atanipa.

Mawe yalikuwa hayapatikani. Nilimwendea yule mama wa Kondoa, naye alizungumza na mumewe, na baada ya wiki mbili nikauziwa manne kwa siri, yamefungwa kwenye gazeti, kama magendo. Jumapili ya kwanza tulikaa wote wawili kwenye benchi, nikasikiliza majina ya watu wa Tabora, wa Mtwara, wa Kigoma, mpaka kipindi kikaisha. Hakunisalimu mtu. Mama mwenye nyumba alitoa mawe mara moja, akayapanga dirishani.

Siku chache baadaye shule ilifungwa mapema kwa sababu ya kuvuna shamba la shule. Nilipofika nyumbani nilimkuta kwenye benchi na redio mapajani, inaongea. Nilitazama dirishani: mawe yake ya zamani yalikuwa pale pale yakiota jua. Yaliyokuwa ndani ya redio ni yangu. Nilihisi hasira ikinipanda. Nilitaka kusema, akanyanyua mkono ninyamaze. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Ilitaja marehemu, ikataja walikofia, ikataja ndugu walio Moshi, walio Dodoma, walio popote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, midomo yake ikicheza kila lilipotajwa jina. Matangazo yalipokwisha aliizima, akafungua mfuniko wa nyuma, akanirudishia mawe yangu moja moja.

"Ni dakika chache tu," alisema. "Wanasoma waliokufa."

Nikamuuliza anamsikiliza nani. Alikwenda kuweka redio kabatini, akarudi, akakaa. Ndipo aliponieleza kwamba ana mtoto, mmoja tu, wa kiume, na kwamba ana miaka saba hajamwona.

Kijana huyo alitaka kuoa. Baba wa binti alitaja ng'ombe, na ng'ombe hao walikuwepo, wangetoka zizini bila hata kuacha pengo. Lakini mama aliona kuwa ni wengi. Alipeleka wazee wakapunguze. Walipopunguza, akawarudisha wapunguze tena. Akasema wangoje mavuno, kisha akasema wangoje mvua, na misimu miwili ikapita hivyo, akiwa na hakika kwamba baba wa binti atachoka na kukubali kidogo. Baba wa binti alichoka kweli. Alimwoza binti yake kwa mtu mwingine. Siku ya harusi hiyo kijana alifunga nguo zake kwenye mfuko wa ngano na kumuaga mama yake kwa maneno machache. Alimwambia, "Baki na ng'ombe wako." Akaondoka kwa miguu kufuata barabara ya kwenda Mto wa Mbu, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake.

"Kila siku wasipomtaja," aliniambia, "najua yupo."

Nilikaa naye pale mpaka jua likaondoka ukutani. Sikuwa na hasira tena. Toka siku hiyo nilimwachia mawe yangu ndani ya redio, na yeye, nafikiri kwa heshima yangu, aliyatoa kila mara na kuyaanika pamoja na yake.

Wazo la kadi lilikuwa langu. Nilimwambia kwamba kama mchumba wangu anaweza kunisalimu bila kujua niko mbele ya redio gani, naye anaweza kumsalimu kijana wake popote alipo. Akaniuliza kama wanatoza kwa neno, kama simu ya maandishi ya posta. Nikamwambia hapana, kadi ni kadi, uandike neno moja au uijaze, na mimi ninayo moja ya akiba. Hakuamini. Aliniuliza tena kesho yake, na tena wiki iliyofuata. Kisha akasema tu kwamba ataona, na nikajua kwamba ni njia yake ya kusema hapana.

Miezi ikapita. Mchana mmoja wa masika, mvua ikipiga bati mpaka tukawa tunasikilizana kwa shida, aligonga mlango wangu. Aliniuliza kama ile kadi yangu ya akiba bado ninayo. Ninayo, nikamwambia. Alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akanitazama nikiandika jina la kijana wake na jina lake, mpaka nikafika mahali pa kuandika ujumbe.

"Mwambie ng'ombe wapo," alisema.

Nikaandika. Nikangoja na kalamu juu ya kadi. Nikamuuliza niongeze nini.

"Hayo yanatosha."

Nilimwambia kuna nafasi. Kulikuwa na mistari mitatu mizima. Nikamshauri tuandike kwamba arudi nyumbani, kwamba mama yake anamngoja, au kwamba aje aoe. Nilimkumbusha kuwa hayo yote hayaongezi hata senti. Alitikisa kichwa, na nilipoendelea kumbembeleza alikunja uso kama mtu anayeombwa kitu kikubwa.

"Mtoto ana akili," alisema. "Ataelewa. Maneno mengi ya nini?"

Mimi nilimwelewa. Nilimwona alivyoyasema, mikono yake ikiwa imebanana magotini, na nilijua kwamba anasema: ng'ombe wa mahari yako bado wapo, sijauza, sijachinja, njoo uwachukue wote. Kwa kuwa nilimwelewa mimi, niliona na kijana ataelewa. Niliweka nukta, nikaacha ile mistari mitatu mitupu, na kesho yake nikaipeleka kadi posta.

Ilisomwa Jumapili moja ya kiangazi. Tulikuwa benchini kama kawaida, kuna upepo wa baridi na vumbi la ngano iliyokuwa inavunwa. Mtangazaji alisoma jina lake, akasema ni wa Karatu, anamsalimu mwanawe popote alipo, na ujumbe unasema ng'ombe wapo. Halafu akacheka. Alisema kwa utani kwamba mama huyu wa Karatu lazima ni tajiri, maana anataka Tanzania nzima ijue mali yake. Kisha akaendelea na kadi nyingine.

Mama mwenye nyumba hakujali kicheko. Alikuwa amenyanyuka, uso wake umefunguka kama sijawahi kuuona. Na hapohapo, kwa kuwa alichokingoja kimeshasemwa, alizima redio na kutoa mawe. Nilimwambia kipindi bado kinaendelea. Akasema tumeshasikia.

Jumatatu asubuhi watoto wa darasa langu walinipokea kwa makofi. Waliniambia nimesalimiwa redioni na mtu wa Kakesio, na kwamba mtu huyo alisema maneno mazuri sana. Nikawauliza maneno gani. Kila mmoja alikumbuka chake, wakabishana, na wale wakubwa waliona haya kuyarudia mbele yangu. Mpaka leo sijui mchumba wangu alisema nini. Nilipomuuliza baadaye alisema ameyasahau, na mimi nafikiri aliona haya kama wale watoto.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikalia chumbani. Kisha nikatoka nikamwambia alichofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kusalimiwa umesalimiwa," alisema. "Usikie, usisikie, salamu imefika."

Sikusema naye siku nne. Siku ya tano nilimkuta amekaa benchini saa ya matangazo ya vifo, redio haijafunguliwa, akinisubiri. Nikakaa.

Mwaka uliofuata mchumba wangu alihamishiwa Samunge, kule kwenye vilima vya Loliondo, na tukafunga ndoa. Siku niliyohama, mama mwenye nyumba alikagua chumba, akang'oa misumari miwili niliyopigilia ya kutundikia nguo, akainyoosha kwa jiwe na kuitia mfukoni. Hakunipa kitu. Lakini alinisindikiza mpaka barabarani, na lori tulilokuwa tunalingoja lilichelewa toka asubuhi hadi saa tisa, na muda wote huo alisimama nami kwenye jua, mtu ambaye ngano yake ilikuwa inavunwa siku hiyohiyo bila msimamizi. Tuliongea kidogo sana. Lori lilipokuja alinishika mkono, akaniambia niende salama, akageuka.

Samunge ni mbali. Niliandika barua mbili, na kwa kuwa hakujua kusoma nilizituma kwa mama wa Kondoa amsomee. Majibu hayakuja, nami sikuyategemea. Nilizaa, nikafundisha, miaka ikaenda. Niliporudi Karatu nilikuwa na watoto watatu, mmoja mgonjwa wa masikio niliyekuwa nampeleka hospitali. Nilishuka nikaenda moja kwa moja kule nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli na benchi halikuwepo.

Mama wa Kondoa aliniona toka ng'ambo ya barabara, akaniita ndani, akanipa chai nzito ya maziwa. Aliniambia kwamba mama mwenye nyumba alifariki mwaka mmoja nyuma, kwa homa ya mapafu, hakukubali kwenda hospitali mapema. Ndugu wa ukoo walitangaza kifo redioni wakataja jina la kijana, popote alipo. Kisha wakagawana ng'ombe. Walikuwa wengi kuliko alivyofikiri mtu yeyote.

"Kijana naye alikuja," alisema mama wa Kondoa.

Alikuja miezi mitatu baada ya mazishi, mtu mzima mwenye mvi kidogo, anayetembea kama mama yake. Aliomba aonyeshwe kaburi. Alisimama pale kwa muda, kisha akaja kunywa maji kwa mama wa Kondoa. Hakuuliza habari za ng'ombe wala za mashamba. Mama wa Kondoa akamuuliza kwa nini hakurudi siku zote zile. Alijibu kwamba kuna mwaka alikuwa ameshaamua kurudi, ameshaweka na nauli. Halafu Jumapili moja akiwa kwenye machimbo, na wenzake wamezunguka redio, akamsikia mama yake akimsalimu.

"Miaka yote ile," alimwambia mama wa Kondoa, "na bado ananitajia ng'ombe wake. Watu wote wakacheka."

Alipanda basi la Arusha mchana uleule.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini. Nilimweleza mama wa Kondoa maneno yale yalikuwa na maana gani, na ni nani aliyeyaandika, na kuhusu ile mistari mitatu. Alinisikiliza, akasema Mungu ndiye ajuaye, na kwamba nisijitwike mzigo wa watu wengine. Nikamuuliza kama kijana aliacha anwani. Hakuacha.

Niliporudi Samunge nilimsimulia mume wangu, kisha nikanunua kadi. Nilimwandikia kijana yule kwa jina lake, popote alipo, nikajaza kila mstari na kupanda hadi pembeni: kwamba ng'ombe walikuwa ni wake, kwamba mama alimsikiliza kila siku, kwamba mimi niliyeandika nilikuwepo. Nilituma kadi kama hiyo kwa karibu mwaka mzima. Sijui kama zilisomwa. Kule vilimani redio ilikuwa ikikamata vibaya, na Jumapili nyingi tulisikia mvumo mtupu na sauti za nchi jirani zikiingiliana.

Lakini tulikaa nje kusikiliza, mume wangu na mimi, kwenye viti viwili, ng'ombe wa majirani wakirudi malishoni. Wakati mwingine aliniuliza ninafikiria nini. Nilimwambia ukweli, kwamba nimekumbuka benchi la Karatu, na ule upepo wenye vumbi la ngano, na yule mama pembeni yangu ameinamisha kichwa. Natamani ningekaa naye Jumapili moja nyingine, hata kama angezima redio katikati.